Redio ya Gari Inayozimika Njiani

Wakazi wenye magari wanaijua adha hii: redio huzimika kwenye tuta, hurejea yenyewe, na mbele ya fundi hulia bila kasoro. Wengine hununua redio mpya, nayo huzimika vilevile, kwani mara nyingi kosa limo katika waya.

Redio irejeapo, tazama saa yake. Kwa kawaida waya wa manjano huleta umeme wa betri wakati wote, ukihifadhi saa na vituo. Mwekundu hupata umeme ufunguo unapowashwa. Saa ikiwa imepotea, shuku wa manjano, au mweusi unaoshikizwa kwenye bodi. Ikiwa sahihi, shuku mwekundu. (Fundi aliyetangulia huenda aliunga rangi alivyopenda, hakikisha kwa testa.)

Kisha, gari likiwa limesimama, washa redio na utikise waya mmoja mmoja kwa upole. Inapokatika, ndipo penye hitilafu. Aghalabu utakuta kiungo kilichosokotwa kwa mkono, utepe wake umelegezwa na joto, au skrubu ya waya mweusi imeshika kutu. Kabla ya kukata au kuunga chochote, ondoa waya wa upande hasi wa betri.

Fyuzi ikiungua, weka nyingine ya ampea zile zile. Ukiiziba kwa kipande cha waya, redio italia, lakini waya uliochubuka ukigusa bodi hakutakuwa na cha kuukatia umeme. Utapata moto mpaka uunguze dashibodi, pengine abiria wakiwa ndani.