Si Kila Bango la Marathoni Ni Lako

Huku Mbulu, mtu mzima akionekana mara mbili tatu anakimbia alfajiri, ataulizwa tu: "Unaenda Moshi?" Hakuna anayemuuliza kama mahindi yake yamepaliliwa. Tumezaliwa nyumbani kwa mkimbiaji wa marathoni John Stephen Akhwari, basi kila anayevaa raba anahesabiwa kuwa mwakilishi wa taifa. Mimi nasema hivi: ukishavuka miaka 35, una shamba au ofisi, una ada za shule, mbio nyingi ziache zikupite. Kwa mwaka chagua mbili, tatu zikizidi.

Anza na shamba. Kilimanjaro Marathon, inayokimbiwa Moshi tangu 2003, huangukia mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi. Kwa hiyo mazoezi mazito unayafanya Desemba na Januari, katikati ya kupanda na palizi, wakati udongo wa kwetu Tlawi umelowa na unang'ang'ania soli. Mwalimu au karani ataweza. Aliyeshinda na jembe wiki nzima, akiongeza kilomita 30 Jumapili, goti litamdai. Kama ni lazima uione Moshi, kimbia 21, au hata zile 5 ambazo watu wa kwetu wanazidharau bure. Agosti kuna CRDB Bank Marathon, Dar es Salaam. Mazoezi yake yanagongana na mavuno. Kwa mkulima, za Oktoba kama Rotary Dar Marathon ndizo zinazokaa vizuri, maana Agosti na Septemba barabara zetu ni kavu na mikono iko huru. (Wa vitunguu saumu na umwagiliaji wanisamehe, wao sijui wanapumzika lini.)

Kisha soma njia yenyewe, usisome fulana. Moshi, wa 42 wanatangulizwa kwenye barabara ya Dar, wanarudi mjini, ndipo wanapandishwa mlima kuelekea Mweka miguu ikiwa imeshatumika. Wa 21 wanapanda mapema, wakigeuza ni kushuka. Mtu wa vilima atafurahi kuwapita watu wa mjini pale Mweka, lakini asitegemee kupata muda wake bora. Gabriel Geay alipoweka rekodi ya Tanzania ya saa 2 na dakika 3, Desemba 2022, alikuwa Valencia, Hispania: njia tambarare, jirani na bahari, msimu wa baridi. Kama bingwa mwenyewe anachagua uwanja wa kuvunjia rekodi, wewe unayekimbia kwa fedha yako unaona haya gani? Amua mapema: mbio hii ni ya kupima muda, ile ni ya kutembea na wenzio. Ukichanganya nia hizo mbili katika asubuhi moja, utakasirika bure.

Kuhusu Pwani kuna uongo mmoja unapendwa sana: kwamba sisi tuliozoea hewa nyepesi ya zaidi ya mita 1,700, tukishuka Dar tutaruka tu. Nusu yake ni kweli. Pumzi itakuwa tele. Lakini joto lenye unyevu halikaushi jasho, na jasho lisipokauka mwili haupoi. Kuzoea joto hilo kunachukua wiki moja hadi mbili, na nani ana wiki mbili za gesti? Basi anza polepole kuliko unavyotaka, kunywa maji tangu kituo cha kwanza, na kwa mara ya kwanza usizidishe kilomita 21.

Gesti inatupeleka kwenye fedha. Ada ya usajili ndiyo ndogo. Piga hesabu ya nauli ya Mbulu hadi Arusha, Arusha hadi Dar, malazi, chakula, na siku za kazi zilizopotea. Mbio nyingine zinachangisha fedha, kama CRDB inavyosaidia matibabu ya moyo ya watoto. Ni jambo jema. Ila gharama hiyo iandike kwenye fungu la sadaka, usijidanganye kuwa ni ya mazoezi. Kwa anayeanza ningempeleka kwanza Ngorongoro Marathon, kilomita 21 kutoka lango la hifadhi hadi Karatu mjini: ni kwa majirani, na jioni uko kwako. Uliza pia kama waandaaji wanatenga zawadi za maveterani. Duniani riadha ya wakongwe huanzia miaka 35 na kugawanywa kila miaka 5; mbio zisizofanya hivyo zitakushindanisha na vijana wa kambini.

Narudi kwa Akhwari, kwa sababu kisa chake ndicho kinachowaponza wengi. Kwenye marathoni ya Olimpiki ya Mexico 1968, mji ulio mita 2,240 juu ya bahari, alianguka, goti likaumia, akamaliza zaidi ya saa moja nyuma ya Mamo Wolde wa Ethiopia. Aliheshimiwa kwa haki. Ila yeye alitumwa na nchi, wewe umejisajili mwenyewe kwa simu. Goti likivimba kwenye kilomita ya 28, keti. Kwa hiyo kabla ya kulipa ulizia mambo mawili ambayo mabango hayaandiki: muda wa mwisho wa kufika ni saa ngapi, na gari la kuwabeba waliochoka linapita wapi.