Upepo wa Baridi Ziwani: Samaki Anaweza Kungoja, Mwili Hauwezi

Ndugu wasomaji, somo letu la leo linawahusu hasa wenzetu wa mialo ya Ziwa Victoria. Lakini hata mkulima asiyepanda mtumbwi alisome, kwa sababu anaweza kupokea ndugu aliyerudi kutoka ziwani akiwa hoi.

Alfajiri moja ya mwezi Julai wavuvi watatu walinigongea mlango. Walikuwa wamembeba mwenzao ndani ya turubai. Usiku ule walikwenda kutega mbali kuliko kawaida yao, maana karibu na mwalo samaki walikuwa wamepungua. Upepo ukaja, mawimbi yakaingia mtumbwini, na yule kijana akatoa maji kwa kopo hadi kulipokucha, nguo zikiwa zimelowa chapachapa.

Mkubwa wao akaniambia, "Daktari, huyu ana malaria. Ametetemeka usiku kucha. Tumempa gongo kidogo apate joto, na sasa ametulia."

Nami nilikubali upesi mno. Nilikuwa natayarisha kipimo cha malaria nilipomgusa tumbo nikashtuka. Lilikuwa baridi. Kipimajoto hakikufika hata nyuzi 35. Kijana huyu mwili wake ulikuwa umepoa, na kule kutulia hakukuwa nafuu. Kulikuwa hatari. Alipona, lakini ilibaki kidogo. Tangu siku hiyo nimeona yafaa jambo hili tulisome sote.

UPEPO UNAFANYA NINI MAJINI?

Katika miezi ya joto maji ya juu ya ziwa hupata moto, yakawa mepesi. Hukaa juu ya maji ya chini ambayo ni ya baridi na mazito. Maji hayo ya chini hayapati hewa ya oksijeni kutoka juu, na takataka zinazooza humo huimaliza ile iliyopo. Kwa hiyo samaki wengi hukaa sehemu za juu.

Kuanzia mwezi Juni hadi Agosti upepo wa kusini-mashariki huvuma kwa nguvu. Maji ya juu hupoa, huwa mazito, huzama na kuchanganyika na yale ya chini. Hapo oksijeni hufika chini, na samaki kama sangara huweza kusambaa hata kwenye vina walivyokuwa hawakai. Wavu uliotegwa mahali pa jana hurudi mtupu. Samaki hawakuisha, wamehama.

Mara nyingine maji mabaya ya chini husukumwa hadi karibu na pwani kabla hayajapata hewa. Samaki hukosa pumzi na kufa wengi kwa pamoja. Sangara huathirika upesi kwa sababu anahitaji oksijeni nyingi. Ndugu msomaji, usiokote samaki aliyekufa na kuelea ukampikia mtoto. Huwezi kujua kwa macho kama ameuawa na kukosa hewa au na sumu, wala ameoza kwa muda gani. Toa taarifa kwa bwana samaki au kwa uongozi wa kijiji.

WAKATI WA MASIKA

Machi hadi Mei baridi huja kwa namna nyingine. Usiku nchi kavu hupoa kuliko ziwa, na upepo huvuma kutoka pande za nchi kavu kuelekea ziwani. Pepo hizo hukutana juu ya maji, hewa yenye unyevu hupanda, na mawingu ya radi hujengeka. Ndiyo maana ngurumo nyingi za ziwani huwa usiku na alfajiri, saa zile zile ambazo wavuvi wa dagaa wamewasha taa zao.

Mvua inaposhuka huvuta hewa ya baridi, na hewa hiyo hutangulia mvua. Ukiwa ziwani ukahisi upepo wa baridi wa ghafla kutoka upande wa wingu jeusi, usingoje kumaliza kuvuta wavu. Dhoruba imebakiza dakika chache.

MWILI WA MTU SI KAMA WA SAMAKI

Joto la mwili wa samaki hufuata joto la maji. Maji yakipoa, naye hupoa na kuendelea kuishi. Mwili wa mtu lazima ubaki karibu na nyuzi 37. Ukishuka chini ya 35, ubongo na moyo huanza kushindwa kazi.

Wengi husema, "Ziwa letu si la barafu, baridi yake haiui." Si kweli. Maji ya nyuzi 25 ni ya vuguvugu mkononi, lakini ni baridi kuliko damu yako. Maji huondoa joto mwilini haraka mno kuliko hewa, na upepo ukipiga nguo iliyolowa huzidisha. Saa chache zaweza kutosha.

DALILI ZA MWILI KUPOA

Kwanza mtu hutetemeka sana. Pili, vidole hushindwa kufunga fundo au kushika kasia. Tatu, maneno huwa mazito kama ya mlevi, naye huchanganyikiwa. Nne, huacha kutetemeka na kutaka kulala. Hatua hii ya nne ndiyo ya kuogopa kuliko zote.

Tofautisha na malaria. Mwenye malaria hutetemeka huku mwili ukipanda joto. Aliyepoa, hata kifua na tumbo vyake ni baridi. Hata hivyo mtu mmoja anaweza kuwa na yote mawili, kwa hiyo mpate joto kwanza, kisha apimwe malaria zahanati.

MSAADA WA KWANZA

1. Mwondoe kwenye upepo. Mbebe taratibu akiwa amelala, usimkimbize wala kumtikisa.
2. Mvue nguo zilizolowa, mkaushe, umfunike kwa mablanketi makavu pamoja na kichwa.
3. Mtu mwenye joto alale naye ndani ya blanketi, kifua kwa kifua.
4. Akiwa macho na anaweza kumeza, mpe chai au uji wa moto kiasi wenye sukari.
5. Usimsugue mikono na miguu, wala usimweke karibu na moto mkali. Ngozi yake haina hisia, itaungua.
6. Usimpe gongo wala pombe yoyote. Pombe hupeleka damu kwenye ngozi, mtu akajiona ana joto, kumbe joto la ndani linatoroka.
7. Mpeleke zahanati, hata kama ameanza kuongea vizuri.

KUJIKINGA

Kabla ya kutoka, sikilizeni utabiri wa hali ya hewa redioni. Kila mtu avae jaketi la kuokolea maisha, asilikalie kama mto. Chukueni nguo kavu zilizofungwa ndani ya mfuko wa plastiki, turubai na chupa ya chai. Pokezaneni kutoa maji, asilowe mmoja usiku kucha. Na mwenye mtumbwi asimlaumu nahodha aliyerudi mapema bila samaki. Samaki waliohama watapatikana kesho au keshokutwa. Kijana aliyepoa hana muda huo.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Kwa nini nyavu hurudi tupu wakati wa upepo wa Juni hadi Agosti?
2. Mvuvi aliyekuwa anatetemeka ameacha kutetemeka na anataka kulala. Je, amepata nafuu? Eleza.
3. Taja makosa mawili waliyofanya wale wavuvi watatu, na kosa moja la mwandishi.
4. Katika mwalo wenu, ni mitumbwi mingapi yenye nguo kavu na jaketi kwa kila mvuvi? Hesabuni, kisha pangeni mtafanya nini.