Umeme Hafifu na Mota ya Jokofu

SWALI: Jokofu la duka langu la samaki limeungua mota tena, ilhali umeme wa mtaa wetu hupungua, hauzidi. Kwa nini?

JIBU: Ndugu yangu, aghalabu hudhaniwa kwamba umeme uliozidi ndio pekee wenye madhara, lakini mota iliyoundwa kwa volti 230, ipatapo 170 tu, hulazimika kuvuta mkondo mkubwa zaidi ili itimize kazi ile ile, na mkondo huo huzitia joto nyaya zake za shaba hata vanishi inayozihami ikababuka na kunuka. Baya zaidi ni umeme kukatika na kurejea papo hapo, kabla shinikizo la gesi halijatulia, mota ikakwama ikinguruma. Tafadhali nunua kifaa cha kulinda friji, kikatacho umeme ushukapo, kisha kikangoja dakika 3 hivi kabla ya kuurudisha.