Jinsi ya Kuinua Timu ya Daftari Katikati ya Msimu

Naomba niwaeleze wenzangu, walimu na wazazi jinsi timu ya daftari iliyoanguka inavyoweza kuinuliwa kwa hesabu.

Asili ya mchezo huu ni Marekani. Mwaka 1980 mwandishi Daniel Okrent na rafiki zake walichagua kwenye karatasi wachezaji wa kweli wa besiboli, wakawa wakihesabu yale waliyoyafanya uwanjani. Sisi hapa Dodoma twatumia Ligi Kuu ya Tanzania. Kila bweni huandika wachezaji 11, wasiozidi 3 wa klabu moja. Anayeanza mchezo hupata alama 2, bao ni alama 5, na alama za nahodha huhesabiwa mara mbili. Kila raundi waweza kubadili mchezaji 1 bure. Kila wa ziada hukugharimu alama 4. Fedha haimo kabisa. Lakini kati ya mabweni sita, mawili ya mwisho hufagia bwalo muhula mzima, na wanaoamshwa mapema ni wadogo wetu wa Kidato cha Kwanza.

Msimu uliopita mwenzetu aliyetunza timu alihamia shule nyingine, nami nikakabidhiwa daftari. Tulikuwa wa mwisho, alama 45 nyuma ya bweni la nne.

Kwanza, ligawe deni. Ligi ina klabu 16, basi raundi ni 30, nazo zilibaki 15. 45 kugawa kwa 15 ni 3. Hapo hofu ilipungua, maana alama 3 kwa raundi si mlima. Wenzangu walitaka tuifute timu nzima. Niliwaonyesha kwamba kubadili wote 11 kwa siku moja kungetugharimu alama 40, na deni lingekuwa 85.

Pili, tafuta panapovuja. Nilihesabu waliokuwa wakianza mchezo, nikakuta wanne hawaanzi. Walikuwa wenye majina makubwa wa Simba na Yanga, klabu zenye wachezaji wengi na mashindano ya Afrika, kwa hiyo hupumzishana. Tulipoteza alama 8 kila raundi kabla ya bao lolote. Nikamwondoa mmoja kila raundi, bila malipo, na kumweka anayecheza daima. Wa kwanza alikuwa beki wa Dodoma Jiji, klabu ya mji wetu iliyopanda Ligi Kuu mwaka 2020. Hakusifiwa na mtu, lakini alama zake 2 zilikuja.

Tatu, usimkimbilie aliyefunga jana. Nahodha na awe yule anayeanza kila mara na kupiga penalti za klabu yake.

Hatukupata yote tuliyoyahesabu, maana wengine waliumia na wengine walipewa kadi. Hata hivyo tulimaliza wa nne, tukilizidi bweni la tano kwa alama 2, na wadogo wetu wakalala hadi kengele.

Ndugu msomaji, pengine mchezo huu si wako. Lakini aliyeshindwa mtihani wa nusu muhula naye asilichome daftari lake. Na ahesabu majuma yaliyobaki, atafute somo linalovuja, alizibe moja moja. Haba na haba hujaza kibaba.