TUIJUE BILIQO: HISTORIA, UTAWALA NA WATU WAKE

Ndugu msomaji, ukiulizwa darasani gavana wa kwanza wa Isiolo ni nani, utajibu mbio kwamba ni Godana Doyo. Lakini ukiulizwa ni nani huwapangia ng'ombe wenu zamu kisimani, wengi wetu tutakodoa macho tu. Wahenga walinena kuwa mwacha mila ni mtumwa. Ndiyo maana nimeandaa somo hili fupi.

Mahali na Watu

Biliqo iko katika wadi ya Chari, upande wa Merti, kaunti ya Isiolo. Tegemeo letu ni mto Ewaso Nyiro, ambao hutiririka hadi kinamasi cha Lorian. Wenyeji wengi ni Waborana, Waislamu, wafugaji wa ng'ombe, ngamia, mbuzi na kondoo. Kiborana ni tawi la Kioromo, lugha inayozungumzwa pia na mamilioni ya watu huko Ethiopia.

Historia

Mkoloni aliifanya kaskazini kuwa nchi iliyofungwa. Sheria ya mwaka 1902 ilimkataza mgeni kuingia bila kibali. Tarehe 28 Juni 1963, D.C. wa kwanza Mwafrika wa Isiolo, Daudi Dabasso Wabera, aliuawa pamoja na Chifu Haji Galma Dido. Wabera ndiye aliyepewa barabara kule Nairobi. Baadaye vikaja vita vya Shifta hadi 1967. Watu walikusanywa vijijini chini ya ulinzi, Merti ikiwa mojawapo. Mifugo isiyoweza kwenda malishoni ikaangamia. Wazee wetu huziita siku hizo Daaba, yaani wakati uliposimama.

Utawala wa Ofisi

Zamani Isiolo ilikuwa wilaya katika Mkoa wa Mashariki. D.C. alikuwa juu, kisha D.O., chifu na naibu wa chifu. Katiba ya 2010 ilileta kaunti, zikaanza kazi 2013. Siku hizi tuna gavana na mwakilishi wadi, ambao tunawapigia kura. Chifu bado yupo, lakini yeye ni wa serikali ya kitaifa wala hapigiwi kura.

Utawala wa Wazee

Huu hauna ofisi wala muhuri. Eneo la malisho huitwa dheedha, na wazee wake ndio huamua mifugo ilishe wapi. Mvua ikinyesha, mifugo hupelekwa mbali na mto ili nyasi za karibu zibaki akiba ya kiangazi. Mtu mmoja akikaidi, akiba inaliwa mapema, na ukame ukija wote tunaumia. Kisimani naye yuko aba herega, msimamizi wa zamu. Mgeni hanyimwi maji, ila lazima aombe kwanza.

Jambo la Kutafakari

Tawala hizi mbili zikikosa kusikizana, ni sisi tunaobaki njia panda. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inasema kuwa ardhi ya jamii isiyosajiliwa hushikiliwa na serikali ya kaunti kwa niaba ya jamii. Tena Januari 2025, mahakama ya Isiolo iliamua kwamba hifadhi za wanyama za Biliqo Bulesa na Cherab zilianzishwa bila kufuata katiba. Kumbe wananchi wakijua haki yao, wanasikizwa! Lakini mzee anajua mipaka ya malisho na hajui kusoma sheria. Sisi tunajua kusoma, mipaka hatuijui. Naomba kila mmoja wetu akienda likizo aketi na babu au nyanya, aandike majina ya visima na malisho katika daftari. Wazee hawatungoji.

Maswali ya Kujipima

1. Taja tofauti moja kati ya chifu na mwakilishi wadi.
2. Kwa nini mifugo haichungwi karibu na mto wakati wa mvua?
3. Kwenu nani hupanga zamu ya maji? Waulize wazazi wako.

Kiswahili kitukuzwe!

Mwanafunzi, Kidato cha Tatu