Kumbi la Nazi na Moto wa Ethanoli

Kisiwani Mafia, kila nazi inayofuliwa huacha kumbi chini. Makumbi hayo, makuti makavu na magogo ya minazi iliyozeeka yanaweza kutoa ethanoli ya jikoni bila kugusa chakula cha mtu. Yanaweza, ila kazi yake ni ngumu.

Nusu ya kazi mgema anaijua. Tembo analolishusha asubuhi likiwa tamu, jioni limekwisha kuchacha: hamira iliyomo hewani na kwenye kibuyu imekula sukari na kuacha kileo. Kileo hicho ndicho ethanoli.

Kumbi nalo lina sukari, lakini imefungwa. Imeungana kuwa minyororo mirefu iitwayo selulosi, ikagandishwa kwa gundi iitwayo lignini, na hamira haiwezi kuitafuna. Kwa hiyo kiwanda husaga malighafi, huipika kwa mvuke na asidi, kisha hutia vimeng'enya vya kukata minyororo hiyo. Hapo ndipo hamira huanza kazi. Mwisho mchanganyiko hukenekwa: ethanoli huchemka kwa nyuzi 78, maji kwa 100, basi mvuke wa ethanoli hutangulia. Njia hii imeshajaribiwa: huko Örnsköldsvik, Uswidi, mtambo wa majaribio wa kutumia mbao ulifunguliwa mwaka 2004.

Tuseme wazi: usumba, yaani nyuzi za kumbi, una lignini nyingi mno, yapata asilimia 40, na lignini haichachi. Kwa makumbi, kuyachoma ni njia fupi zaidi kuliko kuyageuza ethanoli. Mradi wa umeme wa Ngombeni, hapo Mafia, ulifuata njia hiyohiyo ya kuchoma, ukalenga magogo ya minazi mizee yazalishe umeme wa kuliuzia shirika la umeme, TANESCO. Anayetaka ethanoli aanze na makuti na magogo.

Mnazi unaozaa usikatwe kwa ajili hii. Mikoko ndiyo kabisa! Ni kitalu cha samaki na kinga ya pwani, na Hifadhi ya Bahari ya Mafia ipo tangu 1995 kulinda mazingira ya aina hiyo.

Usikeneke nyumbani. Mvuke wa ethanoli hudaka moto upesi, na mwali wake hauonekani vizuri juani. Mtu huungua kabla hajajua kuna moto. Ethanoli ya jiko isinywewe kamwe, kwani huweza kuwa na methanoli, inayopofusha na kuua. Ihifadhi mbali na watoto, chombo kikiwa na maandishi. Ethanoli iliyomwagika ikiwaka, maji mengi huizima kwa sababu ethanoli huchanganyika na maji. Moto wa petroli usiumwagie maji: petroli huelea juu yake na moto husambaa.