Mchezo wa Ngumi na Wajibu wa Serikali

Katika Kapata, kando ya Kolwezi, jamaa nyingi zimeishi kwa kazi ya shaba tangu siku za Union Minière. Watu wa migodi wajua vema kwamba kazi ya hatari haiachwi bila sheria. Mchimbaji huvaa kofia ngumu, naye msimamizi ana mamlaka ya kuwatoa watu mara ukuta unapoanza kupasuka. Basi yafaa kuuliza: mchezo ambao mtu hupigwa kichwani kwa kusudi, je, usimamiwe kidogo kuliko mgodi?

1. Hatari yenyewe

Ubongo ni laini, nao umo ndani ya mfupa mgumu. Pigo kali huutikisa, na mishipa ya damu yaweza kupasuka. Mpiganaji aangukaye na kupoteza fahamu hakushindwa tu, ameumizwa ubongo. Mapigo ya miaka mingi yaweza kumharibia kumbukumbu, usemi na mwendo, hata akiwa amekwisha kuacha mchezo.

2. Sheria zilivyokua

Mwaka 1867 zilitangazwa Uingereza sheria zilizopewa jina la Marquess wa Queensberry. Ziliamuru glavu, raundi za dakika 3, na pumziko la dakika 1. Hata hivyo mapambano ya ubingwa yaliendelea kuwa marefu. Pambano la Kinshasa la tarehe 30 Oktoba 1974, ambalo Muhammad Ali alimwangusha George Foreman katika raundi ya 8, lilipangwa kuwa la raundi 15. Mwezi Novemba 1982, huko Las Vegas, Duk Koo Kim wa Korea ya Kusini aliangushwa katika raundi ya 14, akafa baada ya siku chache. Kisha raundi za ubingwa zikapunguzwa kuwa 12. Sheria hiyo ilinunuliwa kwa uhai wa mtu.

3. Kukataza au kusimamia?

Serikali nyingine zilikataza kabisa. Zanzibar ilizuia ndondi mwaka 1964, wakati wa Rais Abeid Amani Karume. Zikaruhusiwa tena mwaka 2022 chini ya Rais Hussein Ali Mwinyi. Norwei ilikataza ndondi za malipo mwaka 1981, ikaziruhusu mwaka 2014.

Anayekataza ana sababu ya haki, maana uhai hauna bei. Lakini vijana wakifukuzwa ulingoni wakapigana uani usiku, hakuna mwamuzi wala mganga. Anayeruhusu naye asijidhani amemaliza kazi. Kongo ina sheria ya michezo ya tarehe 24 Desemba 2011. Lakini karatasi haisimami kando ya ulingo. Lazima awepo mtu ambaye neno lake husimamisha pigano, asiyeogopa kelele za watazamaji wala hasara ya mwenye kuuza tiketi. Pasipo mtu huyo, pigano lisianze.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini kupoteza fahamu si kushindwa tu?
2. Kijana akikubali mwenyewe kupigana, je, wajibu wa serikali umekwisha?
3. Mahali penu, ni nani awezaye kusema “Basi!” akasikilizwa?